Probiotiki za kuku: ipi ununue kwanza kama banda linasumbuliwa na kuhara damu

Vifaranga wakiwa kati ya wiki ya 3 na ya 6, mfugaji makini huinama kila asubuhi kuangalia kinyesi. Ukikuta damu, kuku wamejikunyata na mabawa yamelegea, koksidiosisi, yaani ugonjwa wa kuhara damu, imeshaingia. Hapo mwite daktari wa mifugo akuandikie dawa ya amprolium au toltrazuril na kipimo chake. Naanza na hili kwa sababu nimemshuhudia jirani akiwanywesha vifaranga probiotiki, yaani unga wa bakteria rafiki walio hai, siku 3 mfululizo, akingoja damu ikate. Alikuwa anazika kila jioni. Hakuna probiotiki inayotibu koksidiosisi.

Sasa ya nini kuinunua? Kimelea wa ugonjwa huu, Eimeria, hupenya kwenye seli za ukuta wa utumbo, huzaliana humo, kisha huzipasua akitoka. Vidonda anavyoacha huwapa nafasi bakteria wengine, hasa Clostridium perfringens, anayeozesha utumbo na kuua hata kuku ambao wangepona. Bakteria rafiki waliotangulia kujaa utumboni hushika nafasi, hutengeneza asidi na kuamsha kinga ya mwili. Kuku akiambukizwa huweza kuumia kidogo zaidi na kurudi kula mapema. Kifaranga wa kienyeji huwapata bakteria hao kwa kudonoa chini nyuma ya mama yake. Wa inkubeta hana mama. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Ufini walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vijidudu vya utumbo wa kuku wakubwa walikingika dhidi ya Salmonella, na sehemu kubwa ya biashara hii inasimama juu ya wazo hilo.

Kwa hiyo ninapopanga bidhaa najiuliza jambo moja: bakteria atafika utumboni akiwa hai?

1. Bacillus wa unga, wa kuchanganya kwenye chakula. Kwa mfugaji wa kuku 100 na kuendelea, hii ndiyo ya kwanza. Kwenye lebo tafuta Bacillus subtilis au Bacillus licheniformis. Hawa hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, wakalala humo hadi wafike tumboni. Joto la dukani hawalijali sana, na hata joto la mashine ya kutengeneza chakula cha punje, linalofika nyuzi 80, wengi wao hulivuka. Anza siku ya kwanza, usingoje wiki ya 3. Kama unachanganya chakula mwenyewe, koroga kwanza kipimo chako na kilo moja au mbili za pumba, ndipo umwage kwenye rundo kubwa na kugeuza kwa koleo. Ukirusha gramu 50 juu ya gunia zima, kuku wa kona moja watakula zote na wengine watakosa.

2. Bakteria wa asidi ya maziwa, wa kuyeyusha kwenye maji. Majina ni Lactobacillus, Enterococcus faecium, Pediococcus acidilactici. Kwa siku 5 za mwanzo, na baada ya kumaliza dozi ya antibiotiki, nawapenda kuliko hata Bacillus, kwa kuwa kuku mgonjwa huacha kula lakini bado hunywa. Nimewaweka wa pili kwa sababu hufa upesi. Niliwahi kununua pakiti iliyokuwa imepangwa kwenye kioo cha mbele cha duka, jua la saa 8 likiipiga. Nilipoifungua unga ulikuwa umeganda donge kama sukari iliyopata unyevu. Nilitupa. Siku hizi namwomba muuzaji anitolee ya ndani, penye ubaridi. Maji ya bomba yenye klorini nayo huwaua: yaweke kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, na vyombo ulivyoosha kwa jiki visuuze vizuri. Changanya kiasi kitakachonyweka kwa saa chache tu.

3. Chachu hai, Saccharomyces. Antibiotiki za bakteria haziigusi chachu, maana ni jamii ya kuvu, na hilo ndilo linaloipa nafasi hapa. Inafaa kama nyongeza ya namba 1. Chachu ya mikate si mbadala wake, kwa kuwa haikutengenezwa kwa kazi hii.

4. Maji ya EM, mchanganyiko wa vijidudu mbalimbali unaochachushwa kwa molasi. Wengi huyapenda kwa kupunguza harufu ya banda, lakini ukishayazalisha mwenyewe kwenye dumu hujui kilichobaki humo ni nini. Usiyategemee dhidi ya koksidiosisi. Ukiyanyunyiza, usiloweshe maranda: mayai ya Eimeria yanahitaji unyevu, hewa na joto, na kwa joto letu siku 2 hivi zinatosha kuyafanya yaweze kuambukiza.

5. Mtindi. Kwa kuku 10 wa nyuani, kijiko kwenye pumba mara moja moja hakina ubaya. Ukizidisha, sukari ya maziwa itawaharisha, nawe utashindwa kujua kama ni mtindi au ugonjwa.

Pakiti yoyote, geuza nyuma. Iwe na jina kamili la bakteria, idadi ya walio hai kwa gramu (huandikwa na herufi CFU, na bilioni moja ni idadi nzuri), tarehe ya kuisha na namna ya kuhifadhi. Ile iliyoandikwa “bakteria wazuri” na picha ya jogoo, rudisha. Inayodai kutibu ni dawa, na dawa ya mifugo Tanzania husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba kuona namba ya usajili. Iliyochanganya probiotiki na antibiotiki kwenye mfuko mmoja iache hapo hapo, hasa kama bakteria wake ni wa namba 2: kimoja kinaua kingine.

Kuna kosa jingine linalonisikitisha kwa sababu hata wafugaji wazoefu hulifanya. Probiotiki nyingi za maji huwa zimechanganywa na vitamini, ikiwemo B1. Amprolium hufanya kazi kwa kumnyima kimelea B1. Ukiwapa kuku vyote pamoja, umemlisha kimelea kile ambacho dawa inamnyima. Wakati wa dozi ya amprolium wape probiotiki isiyo na vitamini, au subiri dozi iishe ndipo urudishe vitamini.

Bei nayo usiilinganishe kwa pakiti. Pakiti ya gramu 100 inayotumika gramu 1 kwa lita 2 inatoa lita 200. Kuku wa nyama 100 wa wiki 3 hunywa karibu lita 20 kwa siku, hivyo ni siku 10. Gawa bei kwa siku, kisha ulinganishe na unga wa Bacillus. Kama hela haitoshi probiotiki na maranda kwa pamoja, nunua kwanza maranda makavu na uinue vyombo vya maji vifike usawa wa mgongo wa kuku, ndipo urudi dukani.