Wenyeji wa mwaka wa kwanza chuoni: huduma ya bure, nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Naanza na alama kwa sababu najua wengi mnaosoma tathmini mnaitafuta hiyo kwanza. Nyota mbili nilizonyima zimeangukia zaidi upande wa masomo, na huko nitakaa kidogo.

Huduma yenyewe mtakutana nayo siku ya usajili. Vyuo vingi humpa mwanafunzi mpya mwenyeji, yaani mwanafunzi wa mwaka wa pili au zaidi aliyejitolea kupokea wageni. Anapewa kikundi cha mafresha, anawatembeza, anawafungulia kundi la WhatsApp, anajibu maswali wiki nzima ya utambulisho, kisha kila mtu anashika njia yake. Nimeipokea huduma hii nikiwa mgeni, nikaja kuitoa mwenyewe, na sasa niko mwaka wa mwisho. Siandiki kwa kusikia.

Kwenye mambo ya ofisi, foleni na karatasi, mwenyeji hana mpinzani. Kijitabu cha wanafunzi wapya kitakwambia ofisi ya usajili inafunguliwa saa ngapi. Mwenyeji atakwambia fomu ya kozi inatakiwa iwe na sahihi ya idara kabla hujafika dirishani, na kwamba bila sahihi hiyo utarudishwa hata kama umepanga foleni tangu alfajiri. Atakwambia kila stakabadhi ya ada uipige picha na ujitumie kwenye barua pepe yako, maana siku mfumo wa malipo ukikuonyesha unadaiwa, mwenye kazi ya kuthibitisha umelipa ni wewe, wala si wao. Wosia huo ulinifaa wiki ya mitihani, jina langu lilipokosekana kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia ukumbini. Nilitoa simu, karani akasoma namba ya stakabadhi, akaniandikia kwa kalamu chini ya orodha. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu hakuwa na picha, na sijui aliishia wapi.

Lakini kilichonifanya niipe huduma hii hata nyota hizo tatu ni dakika ishirini hivi kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Mwenyeji wetu alikuwa dada wa mwaka wa tatu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Aliomba mmoja wetu atoe muhtasari wa kozi tuliogawiwa asubuhi. Sote tulikuwa tumeukunja tukautia mfukoni kama tangazo la barabarani. Akaufungua ukurasa wa pili, kwenye jedwali la alama, akaanza kupitisha kalamu: jaribio la kwanza asilimia 15, la pili 15, kazi ya kikundi 10, mtihani wa mwisho 60.

"Kazi ya kikundi mtaipa muda gani?"

Mmoja akajibu, wiki mbili.

"Wiki mbili kwa alama kumi. Na jaribio la kwanza lini?"

Kimya. Tarehe ilikuwa palepale kwenye karatasi. Akatuambia kila mtu atoe simu aweke tarehe zote kwenye kalenda, hapo hapo, yeye akiona. Halafu akashuka na kalamu hadi chini ya jedwali, kwenye mstari wa herufi ndogo uliosema asiyefikisha nusu ya alama za majaribio na kazi haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Nusu ya 40 ni 20. Akaupigia mstari mara mbili, akamrudishia mwenye karatasi yake. "Hiyo ndiyo inayowapeleka watu nyumbani," akasema, "si mtihani."

Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha kusoma muhtasari wa kozi namna ile. Wao wanaugawa wakiamini tunaujua.

Maisha ya bwenini nayo wanayamudu. Ushauri wa kuzungumza na mwenzako wa chumba usiku wa kwanza kabisa, kabla hamjazoeana, kuhusu taa izimwe saa ngapi, wageni waje lini, na nani anaazima nini cha nani, ni ushauri wa dhahabu. Baada ya mwezi mazungumzo hayohayo yanageuka ugomvi. Vilevile wanajua zahanati ya chuo ni saa ngapi haina watu, na mlinzi yupi hana utani na kitambulisho.

Tuje kwenye masomo sasa. Hapa ndipo huduma inapochemka.

Sentensi niliyoisikia kwa wenyeji wengi kuliko nyingine yoyote ni hii: mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, kula maisha kwanza, GPA, yaani wastani wa alama zako zote, utairekebisha mbele ya safari. Wanaisema kwa upendo, kumtoa mgeni hofu. Chukua kalamu basi. Tuseme alama ya juu ni 4.0, digrii ni ya miaka minne, na kila mwaka una krediti 30, yaani miaka yote ina uzito sawa. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.0, halafu ukapata 4.0 kamili miaka yote mitatu iliyobaki bila kuteleza hata kozi moja, utahitimu na 3.5. Ukiwa binadamu wa kawaida ukapata 3.2 miaka hiyo mitatu, utatoka na 2.9. Kuna vyuo, vingi vikiwa Uingereza, ambavyo alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la digrii. Kama chako ni kimojawapo, kanuni za mitihani zitakuwa zimesema waziwazi. Zisome wewe mwenyewe, usisomewe na mtu kwenye korido.

Ushauri wa pili ni ule wa madesa, yaani notisi za masomo zinazorithishwa: tafuta madesa ya waliokutangulia, yapitie mara nne mara tano mpaka yakae kichwani, utafaulu. Mwenyeji anaapa kwamba kwake ilifanya kazi. Simwiti mwongo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio lililowapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma kisha wakarudia kukisoma. Kingine walikisoma, kisha wakaandika wanachokumbuka bila kukitazama. Kwa waliopimwa baada ya dakika tano, kifungu kilichorudiwa kusomwa kilikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: kwenye kifungu walichorudia kusoma walibaki na asilimia 42, kwenye kile walichojipima walikuwa na 56. Mtu aliyepitia desa lake usiku wa manane na kujisikia limekaa anajipima kwenye zile dakika tano. Mtihani hauji kwenye dakika tano.

Kwa hiyo madesa chukua, sikukatazi, mimi mwenyewe ninayo bunda. Ila yafunike. Andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, funua, tazama ulichoacha. Inauma na inakufanya ujione mjinga, na nadhani ndiyo maana hakuna mwenyeji anayeipendekeza.

Kuna jambo moja kuhusu ushauri wa masomo ambalo huwezi kuliona ukiwa mgeni. Anayekushauri ni aliyebaki. Waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, hawapo kwenye kikao cha wenyeji kukusimulia kwamba nao walipiga msuli usiku kucha, nao walitegemea mitihani ya miaka iliyopita, nao waliambiwa watarekebisha. Unasikia sauti za waliovuka tu, na kila aliyevuka anadhani amevushwa na kile alichokifanya. Mambo ya foleni hayana shida hiyo: dirisha likiwa limefungwa, limefungwa kwa wote, na mwenyeji ameliona kwa macho yake.

Kukesha ni vilevile. Kahawa uliyokunywa saa nne usiku, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tisa. Unalala usingizi wa mang'amung'amu, unaamka na kichwa kizito, unasinzia kwenye mhadhara, usiku unakesha tena kufidia mhadhara. Nimewaona wenyeji wakijigamba kwa hilo mbele ya mafresha kama vile ni cheo.

Na hili ni zito kuliko yote. Kuna mwenyeji atakupa kazi yake ya mwaka jana na kukwambia ubadilishe jina na maneno mawili matatu. Programu za kukagua uigaji, kama Turnitin, zinaweza kuhifadhi kazi ambazo wanafunzi waliwahi kuwasilisha, kwa hiyo kazi yake huenda imo humo ikikungoja. Atakayeitwa kwenye kamati ya nidhamu ni wewe. Pengine na yeye.

Maktaba tulipitishwa nje. "Na ile pale ni maktaba," basi, tukaendelea na safari. Kwangu hilo peke yake ni nusu nyota. Kwenye dawati la maktaba kuna watu waliosomea kazi hiyo, wanalipwa kukusaidia, na muhula mzima wanakaa wakitazama mlango. Nenda kamwulize mmoja namba ya mgongoni mwa kitabu inasomwaje. Kama maktaba yenu inatumia mpangilio wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, uchumi uko 330, sheria 340, hisabati 510. Kinachowapoteza wageni ni kilicho baada ya nukta: 330.12 inatangulia 330.9, kwa kuwa hizo ni desimali. Nimeshuhudia mtu akizunguka rafu ileile akilaani kwamba kitabu kimeibwa, kumbe amekipita hatua mbili nyuma. Ukiwa hapo waombe wakuonyeshe na Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo. Mwaka wa tatu utakapoandika utafiti wako utakumbuka kuwaombea dua.

Wahadhiri nao tuliambiwa tuwaogope: usimsumbue ofisini, atakushika jina. Muda wa kuonana na wanafunzi umeandikwa kwenye muhtasari wa kozi, palepale juu ya lile jedwali la alama. Nenda na swali moja lililoandikwa, liwe mahususi, kwa mfano hatua ya tatu ya swali fulani ilitoka wapi. Ukienda na "sijaelewa mada nzima", ni kweli utachosha mtu. Ukienda na swali lako moja utatoka na majibu na pengine jina la kitabu. Na kushikwa jina siku utakapohitaji barua ya udhamini ni baraka.

Nigusie na biashara, maana nayo ipo. Wenyeji wengine wanauza: vitabu vyao vya zamani, vikokotoo, nafasi kwenye chama chao, wakati mwingine kura yako kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Hakuna ubaya mtu kuuza kitabu chake. Ubaya ni kukuuzia wiki ya kwanza, kabla mhadhiri hajataja toleo analolitumia. Mwenyeji mmoja, si yule dada, alipitisha orodha ya bei kwenye kundi letu hata kabla hatujapata vitambulisho. Subiri mhadhara wa kwanza, kisha angalia kama maktaba ina nakala, kisha ndiyo ufungue pochi.

Lawama yangu ya mwisho ni ya ratiba, na hii iende kwa wanaoendesha huduma, siyo wenyeji. Huduma imejazwa yote kwenye wiki moja ambayo mgeni hana shida kubwa. Kila kitu kipya, marafiki kila kona, nyimbo uwanjani. Shida inakuja matokeo ya jaribio la kwanza yakibandikwa, na mtu aliyekuwa kinara shuleni kwao anaiona namba ambayo hajawahi kuiona kwenye karatasi yake. Hapo ndipo simu kutoka nyumbani haipokelewi na mlango wa chumba haufunguliwi. Kundi la WhatsApp wakati huo limebaki la kutumiana vichekesho. Yule dada mkavu ndiye pekee niliyemwona akirudi. Alipita vyumbani kwetu bila kuagizwa na mtu, akauliza kila mmoja amepata ngapi, akamchukua mwenzetu mmoja wakaenda pamoja kwenye ofisi ya ushauri nasaha. Hakumpa hotuba. Alimsindikiza tu mpaka mlangoni, akamsubiri nje.

Laiti wote wangefanya hivyo, ningetoa nyota nne na nusu bila kinyongo.

Jiandikisheni, nasema bila kusita. Fomu ikiuliza unataka mwenyeji gani, omba wa mwaka wa pili anayesoma kozi yako. Sisi wa mwaka wa mwisho tuna majibu mengi ila baadhi ya mitaala imeshabadilika tukiwa humuhumu. Swali la ofisi muulize mwenyeji mmoja, latosha. Swali la kanuni peleka kwenye kanuni zenyewe. Chukua namba yake ya simu, umwombe akutafute wiki ya matokeo ya jaribio la kwanza, na umkumbushe wiki hiyo ikikaribia. Akianza kukupangia namna ya kusoma, mwitikie kwa adabu zote, halafu mwulize dirisha la vitambulisho liko wapi.