Tochi ya kuingilia pangoni: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uulize tochi, na cha kwanza kuwekwa mezani ni boksi lenye namba kubwa kuliko yote. "Hii inapiga mita elfu moja, kaka. Betri yake elfu tisa na mia tisa." Inawashwa, unamulikwa usoni, unafumba macho, na biashara imeisha. Kwa kumulika geti usiku au kumsaka mbuzi aliyekata kamba, huenda ikakufaa. Lakini kama safari ni ya mapango ya Amboni kule Tanga, ya Suswa huko Kenya, au mapango ya matumbawe ya Unguja, namba hizo ziangalie mwisho kabisa. Pangoni tochi nzuri ni ile inayoacha mikono yako huru, isiyofifia njiani, na ambayo betri yake unajua imetoka wapi.

Tuanze na namba hizo hizo, maana ndizo zinazokula hela za watu.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Kutembea pangoni hakuhitaji nyingi: 100 hadi 200 zinatosha kuona unapokanyaga, na 400 au 500 ukitaka kutazama dari ya ukumbi mrefu. Hapo rangi ya mwamba ina neno lake. Amboni ni mawe ya chokaa, na kuta zake zina weupe unaorudisha mwanga, kwa hiyo hata tochi ya wastani inaonekana ya maana. Suswa na milima ya Chyulu, zote za Kenya, ni habari nyingine. Kule mapango ni mifereji iliyoachwa na lava, mwamba wake mweusi, na unameza mwanga usiurudishe. Pango la Leviathan huko Chyulu lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Tochi iliyokuridhisha Tanga utaiona dhaifu mle.

Mita nazo zina hila. Watengenezaji makini hufuata kipimo kiitwacho FL1, na kwa kipimo hicho umbali unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi. Kwa hiyo "mita 300" maana yake ni kwamba mwisho wa mita hizo unaona kama mtu aliye nje usiku wa mwezi mpevu, hakuna zaidi. Saa za betri nazo zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi sehemu moja ya kumi ya ulivyoanza. Ukisoma "saa 50", jua kuwa nyingi kati ya hizo ni za mwanga wa kutafutia viatu chini ya kitanda. Na hao ni wanaofuata kipimo. Asiyefuata anaandika chochote.

Kisha betri. Tochi nyingi za siku hizi zinatumia betri ya lithiamu iitwayo 18650: unene milimita 18, urefu milimita 65. Ni ile ile iliyojaa kwenye pawabenki na kwenye betri za laptopu za zamani. Nzuri kabisa ya umbo hilo inafika takriban 3,500 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ikizidi ni kidogo tu. Iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, hata kama muuzaji mwenyewe anaamini asemalo. Njia rahisi ya kuijua ni mizani: betri halisi ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, feki mara nyingi iko chini ya 35. Nyingine zimepasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo ndani, nafasi iliyobaki imejazwa unga. Muuza viungo yeyote mwenye mizani midogo atakupimia.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya 3,000 mAh inabeba kama wati-saa 11. Balbu nzuri ya LED hutoa karibu lumeni 100 kwa wati moja. Kwa lumeni 100 unapata kama saa kumi, kwa lumeni 1,000 saa moja tu. Ukiambiwa tochi ya betri moja inatoa lumeni 5,000 kwa saa nane, aga taratibu uende duka la pili.

Nafasi ya kwanza: tochi ya kichwani ya betri ya 18650

Hii ndiyo ningemwambia mtu yeyote anunue kama ana hela ya tochi moja tu. Mikono inabaki huru, na pangoni mikono ni miguu ya pili. Kuna sehemu Amboni ambapo njia inakulazimisha kuinama na kujibana, na mwenye tochi mkononi utamwona ameing'ata kwa meno. Tafuta yenye mwili wa alumini, betri inayotoka (siyo iliyofungiwa ndani), na tundu la kuchajia la USB-C, ili chaja ya simu yako iifae. Sofirn na Wurkkos ni kampuni za Kichina zinazotengeneza za namna hii kwa bei ya mtu wa kawaida, mara nyingi kati ya dola 20 na 40 pamoja na betri. Ukiwa na uwezo zaidi, Fenix na Petzl wana sifa ya miaka mingi, ila hapo unalipia na jina.

Betri kutoka ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Tochi yenye betri ya kufungiwa ikiisha chaji pangoni, imeisha. Hii nyingine unafungua kifuniko, unabadilisha kwa kupapasa, unaendelea. Fanya mazoezi nyumbani umefumba macho, ujue upande wa chanya unaelekea wapi.

Ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi. Kwa kuwa taa iko karibu na macho, vivuli vinajificha nyuma ya vitu, na ardhi inaonekana bapa. Shimo la kuingia mguu linafanana na doa. Tena pango likiwa na unyevu, pumzi yako inapita mbele ya taa na unajikuta unatazama ukungu mweupe. Dawa ni kupunguza mwanga wa kichwani na kushika tochi ya pili usawa wa kiuno: vivuli vinarudi, mashimo yanajionyesha.

Nafasi ya pili: tochi ya mkononi ya alumini

Ndiyo hiyo tochi ya pili. Convoy S2+ ni mfano unaojulikana: fupi, bomba nene la alumini, betri moja ya 18650, haina mbwembwe. Wurkkos FC11 ni ya ukubwa wa karibu hivyo hivyo, inachajiwa kwa USB-C na ina sumaku kitakoni, unaibandika kwenye boneti ya gari ukibadilisha tairi usiku. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu inakula mkono mmoja. Kwa matumizi ya nyumbani na barabarani ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Ukiishika dukani, ifungue. Angalia springi ya ndani: iwe imekaa imara, isiyumbe. Pale kifuniko kinapozungushiwa kuwe na duara la mpira la kuzuia maji, na liwe na grisi kidogo. Bonyeza swichi nusu nusu mara kadhaa uone kama mwanga unacheza. Kisha iwashe kwa nguvu yote uishike dakika tano, hata muuzaji akinuna. Tochi ya chuma inayotoa lumeni elfu kweli lazima ipate moto mkononi, na nyingi hupunguza mwanga zenyewe ili zisijiunguze. Ikibaki baridi kama ulivyoipokea, ule mwanga ulioandikwa kwenye boksi haumo.

Mapango ya pwani yanadai kingine zaidi. Pango la Kuza kule Jambiani, Unguja, lina maji ya kuogelea ndani, na hewa ya bahari hula vyuma popote. Alama ya IPX4 inastahimili mrushiko wa maji tu. IPX7 maana yake imezamishwa mita moja kwa nusu saa ikatoka salama, na IPX8 inapita hapo. Kwa pwani usishuke chini ya IPX7, na ukirudi ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu.

Nafasi ya tatu: ya kichwani ya betri nyembamba za rimoti

Hii ni tochi ya akiba. Inatumia betri tatu za AAA, mwanga wake wa wastani, bei ndogo, uzito hausikiki mfukoni. Sifa yake kubwa ni kwamba betri zake zinapatikana kwenye kioski chochote, Tanga, Voi au Bukavu. Wazoefu wa mapango wana kanuni ya kila mtu kuingia na vyanzo vitatu vya mwanga, na hii inakamilisha idadi bila kukufilisi. Nunua betri za alkalini, zile za bei ya pipi waachie wenye saa za ukutani. Na usizihifadhi ndani ya tochi miezi na miezi. Zikivuja, ule uchafu unaotoka unamaliza springi.

Nafasi ya nne: ya plastiki ya kuchaji ukutani

Kila nyumba imewahi kuwa nayo: mwili wa plastiki, pini mbili za kuchomoza kitakoni, pengine na taa ya pembeni ya kusomea. Kwa umeme uliokatika sebuleni inatosha. Nyingi zina betri ya risasi na asidi, na betri ya aina hiyo ikikaa bila chaji inakufa polepole hapo hapo dukani. Ndiyo sababu mbili za kampuni moja, bei moja, zilizonunuliwa siku moja, moja inadumu mwaka na nyingine wiki. Kwa shilingi elfu kumi au chini yake za Tanzania huwezi kulalamika sana, ila usiingie nayo pangoni. Ikianguka kwenye jiwe mara moja, umeokota vipande.

Ya tano na ya mwisho: ile ya mita elfu

Zuumu ya kuvuta mbele na nyuma, taa ya kuwaka na kuzima kama gari la polisi, betri ya 9,900. Zuumu yenyewe inaingiza maji na vumbi, na ukiivuta inatoa kiduara kidogo chenye ncha kali kinachokuonyesha jiwe moja na kukuficha kumi. Kama tayari unayo, itoe ile betri uweke halisi, na itakusaidia nyumbani. Simu sikuipa nafasi. Chaji yake ihifadhi ya kupigia, na ikiponyoka mkononi kwenye tope umepoteza vyote viwili.

Popo ni wenyeji wa karibu kila pango nililolitaja. Usiwamulike moja kwa moja wakiwa wamelala. Shusha mwanga, pita. Tochi yenye hatua ya chini kabisa ina faida hapo, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Kwa mapango yenye makundi makubwa ya popo walao matunda, kama Kitum katika Mlima Elgon, tahadhari inapita adabu: wagonjwa wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango hilo.

Usipoipata tochi unayoitaka dukani, agiza mtandaoni au kwa ndugu aliyeko Dubai au Muscat, ila mwambie mapema kwamba betri za akiba za lithiamu hazipakiwi kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Zinabebwa kwenye begi la mkononi, kila moja kwenye kikasha chake. Hata hapa nyumbani usiitupe betri mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili inapata moto wa kuunguza suruali. Na kabla ya kuitia tochi kwenye begi, legeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko. Hata swichi ikibonyezwa na chupa ya maji njia nzima mpaka Kiomoni, yaliko mapango ya Amboni, haitawaka.