Dakika 35 za Vasa: uzoefu wangu wa safari ya meli Bahari ya Baltiki

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa wiki kadhaa zimepita tangu turejee Copenhagen, na namwomba msomaji anayefikiria kukata tikiti ya safari kama hii asome mpaka mwisho kabla hajatoa kadi yake ya benki. Kampuni ya meli sitaitaja, kwa sababu nimekwisha wapelekea malalamiko yangu kwa maandishi na ningali nasubiri jibu. Sitaeleza pia ukubwa wa meli wala idadi ya migahawa. Hayo yameandikwa kila mahali, na ni kweli yapo. Ninalotaka kueleza ni jambo moja lililotokea Stockholm, ndani ya jumba la makumbusho, kati ya baba yangu na mwanamke aliyeshika kibao chenye namba ya basi letu.

Baba yangu ni fundi wa majahazi wa Pangani. Amechonga mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa tezo tangu ujanani, ametoboa mbao kwa keekee, ametia kalafati, kuziba nyufa za mbao, vyombo ambavyo vingine hadi leo vinavuka kwenda Unguja, na kidole gumba chake cha kushoto kimepinda kwa sababu ya nyundo iliyokosa msumari kabla sijazaliwa. Mimi ninaishi Denmark kwa ajili ya kazi. Mwaka wa kwanza nilipofika huku nilikwenda Stockholm na wenzangu nikaiona Vasa, merikebu ya vita ya Uswidi, na jioni ile nilipompigia simu kumweleza kwamba kuna jumba lililojengwa kuizunguka merikebu nzima ya mbao iliyozama mwaka 1628, alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza swali moja, la yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao: "Na mdudu hakuila?" Sikuwa na jibu. Nikamwahidi kwamba iko siku atakuja aione mwenyewe.

Kiangazi hiki alipata viza, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena mwendo mrefu, nikaona meli itatufaa, maana mtu analala humo humo, anakula humo humo, na asubuhi anaamkia mji mwingine. Nikalipia safari, na juu yake nikalipia ziara ya basi ya Stockholm, kwa sababu karatasi yake iliahidi saa mbili za makumbusho.

Hasira ya kwanza, ambayo leo naiona ndogo, ni kwamba ratiba ilisema Stockholm na sisi tuliamkia Nynäshamn, mji mdogo wa bandari ulio kusini, mwendo wa kama saa nzima kwa basi. Meli nyingi kubwa hutia nanga huko ili zisipite katika njia nyembamba za maelfu ya visiwa vilivyo mbele ya mji mkuu, na sababu hiyo naielewa. Baba aliielewa kuliko mimi, kwani mlango wa mto Pangani nao una fungu la mchanga linalomtaka nahodha awe macho. Lakini ikiwa sababu ni njema, kwa nini isiandikwe wazi? Saa ya kwenda na saa ya kurudi zilikatwa katika siku yetu, na hakuna aliyetuambia kwamba treni ya abiria inatoka Nynäshamn moja kwa moja hadi katikati ya Stockholm, wala kwamba tungeweza kwenda wenyewe kwa nauli ya kawaida na kukaa makumbusho kwa kadiri tunavyotaka. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kutoka kwa abiria mwingine, tulipokuwa tumesimama kwenye foleni ya chakula.

Basi lilichelewa kuondoka. Tulipofika mjini tukasimamishwa Fjällgatan, juu ya genge, ili tupige picha, na sitaki kudanganya, mandhari ya pale ni ya kupendeza mno: maji yameingia mjini kama vidole, minara ya makanisa ng'ambo, vivuko vyeupe vikipishana chini yetu. Kisha tukapelekwa dukani. Tuliambiwa ni dakika kumi, zikawa arobaini, katika duka la vikombe na vinyago vya plastiki ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameviomba. Baba hakushuka. Alibaki kitini, kofia yake ameiweka magotini, akiangalia saa ya mkononi mara kwa mara bila kusema neno, na ukimya ule uliniumiza kuliko kama angelalamika.

Ndani ya jumba la Vasa mna mwanga hafifu, kwa sababu mwanga mkali huziharibu mbao, na macho yakishazoea ndipo chombo kinapojitokeza, cheusi, kirefu kiasi cha mita 69 ukihesabu na mlingoti unaotokeza mbele ya omo, karibu chote kikiwa ni mbao zile zile za mwaloni zilizozama nacho. Shetri yake, yaani sehemu ya nyuma, imejaa sanamu za kuchonga, simba kwa wapiganaji. Kundi letu lote lilizitazama sanamu. Baba alizitazama kidogo, akashuka ngazi polepole akishika ukuta hadi ghorofa ya chini kabisa, akaanza kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kama anavyoanza kila fundi anapokagua kazi ya mwenzake.

Alikuwa akiufuata muungano wa mbao mbili kwa kidole kile kilichopinda, bila kugusa, kidole kikipita hewani sambamba na mstari, na kila kilipofika penye msumari kilisimama. Baada ya dakika kama kumi akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, chombo hiki kizito juu, na tumbo lake halina pa kuweka farumi ya kutosha." Farumi ni uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke. Wakati huo sikuwa nimemsomea kibao cha maelezo hata kimoja. Mimi ndiye niliyejua kwamba merikebu hii ilikwenda kiasi cha mita 1,300 tu, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ya safu ya chini, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji katika safari yake ya kwanza kabisa. Yeye alilisoma hilo kwenye mbao. Mwili ulinisisimka, nikatamani watu wote waliokuwa mle ndani wajue nimesimama na nani.

Hapo ndipo yule mwongozaji mwenye kibao cha basi alipotujia, akipiga makofi kama mtu anayefukuza kuku. Muda umekwisha. Niliangalia saa: tulikuwa tumeingia dakika 35 tu zilizopita. Nikamwambia kwa adabu kwamba karatasi imesema saa mbili, kwamba mzee huyu ni fundi wa vyombo vya baharini, na kwamba ana swali moja, ilikuwaje mdudu asizile mbao hizi kwa miaka 333 chini ya maji. Hakunitazama hata usoni. Alisema kwa Kiingereza kwamba meli ni ile ile na haitabadilika hata tukiikodolea macho mpaka kesho, kisha akamshika baba mkono wa koti akamvuta.

Alimvuta. Naomba msomaji aelewe ninachosema. Huyu ni mzee aliyepita miaka sabini, ambaye kwao watoto hukimbia kumwamkia shikamoo na watu wazima humpisha njia, na mgeni asiyemjua kwa jina alimvuta kwa nguo kama mzigo uliosahauliwa. Baba hakumjibu. Alilinyoosha koti lake pale liliposhikwa, akaniambia, "Twende, mama, tusiwacheleweshe watu." Tukaenda, na basini tulikaa dakika 25 tukiwangoja abiria wawili waliokuwa bado wananunua vitu katika duka la makumbusho. Hao hakuna aliyewafuata wala kuwapigia makofi.

Niliporudi melini nilikwenda mapokezi. Mapokezi wakanipeleka ofisi ya ziara, ofisi ya ziara ikaniambia kwamba mwongozaji si mwajiriwa wao bali ni wa kampuni ya nchi kavu, wakanipa namba ya simu ya ndani, na aliyeipokea simu hiyo akanishauri niende mapokezi. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na jioni ile nilizunguka ghorofa tatu nikajikuta mbele ya msichana yule yule. Alifungua masharti, akanionyesha mstari unaosema kwamba muda wa ziara unaweza kubadilika, akanipa vocha ya baa. Nikamrudishia. Baba hanywi pombe wala mimi sinywi, lakini hata ingekuwa vocha ya chakula jibu langu lingekuwa lile lile, kwa sababu nilichoomba ni mtu mmoja aje chumbani amwombe mzee radhi.

Ningekomea hapa, hukumu ingekuwa nyepesi: msipande. Lakini haki lazima niiseme. Kijana aliyekuwa akihudumia chumba chetu, alipoona kwamba baba anasali, alianza kuacha shuka safi iliyokunjwa kila jioni, na meli ilipogeuka alikuja na simu yake kumwonyesha kibla kimehamia upande gani. Sala ya magharibi huko kiangazi huwa karibu saa tano kasorobo ya usiku, na anga haliwi jeusi kabisa, hivyo mara nyingi tulikaa nje sitahani tukiingoja, tumejifunga mablanketi, bahari imetulia kama sinia, na baba akasema kwamba tangu azaliwe hajaona usiku unaokataa kuingia.

Kisha ikaja Helsinki. Huko hatukununua ziara yoyote. Tulikwenda sokoni Kauppatori, pale ukingoni mwa maji, tukala samaki wadogo wa kukaanga, kisha baba akasimama kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini akazitazama kwa muda. Akaniuliza maji hujaa mpaka wapi. Nikamwambia hayajai wala hayapwi, au ni kidogo mno kiasi kwamba mtu haoni. Kwa mtu aliyepanga maisha yake yote kwa bamvua na maji mafu, yaani kujaa kukubwa na kudogo kwa maji, ambaye chombo hakikushushwa majini mpaka amehesabu mwezi, hilo lilikuwa jambo zito. Akainama kwa shida, mkono mmoja begani kwangu, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Akakitia tena. "Haya si maji ya bahari," akasema. "Chumvi iko wapi?" Kisha akanyooka, akanitazama, na uso wake wote ukafunguka. "Ndiyo maana! Mdudu yule haishi katika maji kama haya."

Ndilo jibu lenyewe. Baltiki hupokea mito mingi na mlango wake wa kuingilia bahari kuu ni mwembamba, kwa hiyo chumvi yake ni kidogo, na mdudu anayetoboa mbao za vyombo vyetu huku akitulazimisha kuzipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kila mara hastawi humo. Hivyo Vasa ikabaki mpaka ilipoinuliwa mwaka 1961, ikanyunyiziwa kemikali inayofanana na nta kwa miaka 17 ili mbao zisipasuke. Mzee alilipata jibu kwa ulimi wake mwenyewe, siku mbili baada ya mtu aliyelipwa kumjibu kukataa kumsikiliza. Siku hiyo ningeipa safari nyota zote tano.

Tallinn nako tulijiendea. Mji mkongwe uko karibu na bandari, mawe ya barabara zake yalimsumbua magoti, tukawa tunapumzika kila penye benchi, tukaiona famasia ya uwanja wa baraza la mji ambayo habari zake zimeandikwa tangu mwaka 1422. Mchana tukachukua teksi hadi Lennusadam, bandari ya zamani ya ndege za majini, ambamo chini ya kuba za zege wameiweka nyambizi Lembit ya mwaka 1936. Baba alikaa humo mpaka akachoka mwenyewe, na mlinzi mmoja alimletea kiti bila kuombwa. Warnemünde, bandari ya mwisho, hatukushuka.

Usiku mmoja chumbani nilimsomea kwamba wachunguzi walikuta ndani ya Vasa rula za mafundi za aina mbili, nyingine za futi ya Kiswidi na nyingine za futi ya Amsterdam iliyo fupi zaidi. Aliketi kitandani. "Yaani kila kundi na dhiraa yake?" Akataka kujua kama vipimo hivyo vinaonyeshwa pale makumbusho, na upande upi wa merikebu ni mnene zaidi. Sikuweza kumjibu, kwa sababu tulikuwa tumekaa dakika 35.

Kwa hiyo nishauri nini? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa safari hii nyota moja. Nilipofika Helsinki nikabadilisha zikawa nne, na kwa meli yenyewe, kwa wahudumu wake na kwa zile nyakati za sitahani, sioni kuwa nne ni nyingi. Anayetaka kwenda, aende, ila ziara zao asinunue. Tallinn na Helsinki zinatembeleka kwa miguu na tramu, na kwa Stockholm aangalie kwanza bandari imeandikwa jina gani. Lakini sasa nimeandika tena habari ya lile koti, na mkono unatetemeka, na siwezi kuacha nne. Naacha mbili, mpaka watakapomwomba radhi.

Viza ya baba imebakiza siku kumi na mbili. Nimekwisha kata tikiti za treni, mimi na yeye, kutoka Copenhagen hadi Stockholm, na chumba cha usiku mmoja karibu na Djurgården, kisiwa lilipo jumba la Vasa. Kiangazi jumba hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Tutakuwa mlangoni, yeye na daftari lake na futi yake ya fundi mfukoni, na tutatoka atakaposema yeye.