Sura mpya ya Wikipedia kwenye kompyuta, maoni ya mtu anaeandika ile ya Kiswahili

Nianze kwa kusema mi ni mtu wa Wikipedia ya Kiswahili, silipwi, hakuna alienituma, ni kitu nakipenda tu, wenzangu jioni wanaenda kuangalia mpira au kucheza bao mi nafungua laptopu naangalia leo nani kaandika nini, kata gani imeongezwa, ndege gani kapata makala, narekebisha ngeli pale palipoharibika, naweka marejeo, nalala. Kwahiyo mtu akigusa sura ya ile tovuti kanigusa sehemu nayokaa kila siku. Watu wananiuliza sana kuhusu hii sura mpya, wengine wanaipenda wengine wanalalamika, nimeitumia vya kutosha sasa naweza kuiongelea.

Kwa asiejua, ile sura tunaiita ngozi. Maandishi ni yaleyale, kinachobadilika ni wapi menyu inakaa, wapi unatafuta, wapi unabofya. Ngozi ya Monobook ilikuja 2004, halafu 2010 ikaja Vector ambayo ndo watu wengi tumekulia nayo, ile yenye safu ndefu kushoto na dunia ya vipande vipande juu yake. Hii mpya inaitwa Vector 2022, Wafaransa walianza kuijaribu tangu 2020 na Wikipedia ya Kiingereza ikaivaa rasmi tarehe 18 Januari 2023. Na jambo ambalo wengi hawalijui, kwenye kelele zote zilizopigwa dunia nzima wahariri wa Kiswahili ndo walitajwa sana, maana walipiga kura na wote kwa kauli moja wakataka irudishwe ya zamani. Wote. Kwenye Kiingereza walibishana wee mpaka mjadala wa kuirudisha ukafungwa bila muafaka, sisi huku hapakuwa na wa kubisha. Ngozi mpya ikabaki hivohivo.

Sasa mtu anaweza kusema hao watu wa Kiswahili hawapendi mabadiliko. Hapana jamani, ngoja nieleze.

Zamani ukifungua ukurasa wowote, kushoto kuna Mwanzo, Jumuia, Mabadiliko ya karibuni, Ukurasa wa bahati, Msaada, chini yake vifaa kama Viungo viungavyo ukurasa huu, halafu chini kabisa orodha ya lugha. Vilikuwa hapo kila siku, hata hujui kama unavisoma ila jicho linavizoea kama unavozoea maduka ya mtaani kwako, siku ukihitaji msumari unajua tu pa kwenda. Ngozi mpya imevichukua ikaviweka ndani ya vistari vitatu juu kushoto. Mwenye akaunti anaweza kuitoa hiyo menyu akaibandika pembeni ikakaa. Ambae hana akaunti, yani msomaji wa kawaida kabisa, anaona vistari vitatu na basi.

Kwa Wikipedia ya Kiingereza hilo ni jambo dogo, wana wahariri maelfu kwa maelfu, mlango ukifichwa watu wataupata tu. Kwetu ni tofauti kabisa. Tuna makala zaidi ya 70,000 lakini watu wanaoandika kila siku ni wachache mno, ukifungua Mabadiliko ya karibuni unawajua karibu wote kwa majina ya akaunti zao, na siku mmoja akiumwa unaona kabisa pengo. Sisi tunategemea yule msomaji aliekuja kusoma habari za Wilaya ya Kilwa, jicho likagonga neno Jumuia au Mabadiliko ya karibuni, akajiuliza hii nini, akabofya, akakuta kumbe kuna watu wanaandika sasa hivi na yeye anaweza. Wengi tuliingia hivohivo, kwa jicho kugonga. Ukificha yale maneno unampunguzia mtu nafasi ya kugonga, na kwa Wikipedia ndogo kama yetu hao watu kumi wanaogonga kwa mwaka ndo Wikipedia yenyewe.

Lugha nazo. Zamani ukiwa kwenye makala ya Kiingereza ya Mlima Kilimanjaro unashuka kushoto unaziona lugha zimejipanga na neno Kiswahili liko pale limeandikwa kwa Kiswahili, ukiliona hata kama hukulitafuta. Sasa zimekusanywa kwenye kitufe kimoja kulia kwa kichwa cha makala, kinakwambia tu lugha ziko ngapi. Hapa nataka niwe mkweli maana kuna uzuri pia, kwanza kipo juu, hushuki mpaka chini kama zamani, pili ukikifungua kinakisia lugha zako kwa kuangalia uko nchi gani na brauza yako imesetiwa lugha gani, kwahiyo mtu akiwa Dodoma au Mombasa Kiswahili kinapanda juu kabisa kwenye mapendekezo. Hiyo ni akili nzuri na nawapongeza. Shida yangu ni yule asiejua kabisa kama Wikipedia ya Kiswahili ipo, na wapo wengi sana, nimekutana na walimu hawajui. Huyo hana sababu ya kukibofya kile kitufe. Hawezi kutafuta kitu ambacho hajui kama kipo, ila anaweza kukiona kwa bahati, na ile bahati ndo imeondoka.

Na kwa sie tunaolinganisha makala, unaangalia Kiingereza wamesemaje, Wajerumani wamesemaje, unarudi kwako, kubofya mara moja kumekuwa mara mbili. Ni kidogo lakini ukifanya mara arobaini jioni moja unakusikia kidoleni.

Kuhusu Yaliyomo, yani ile orodha ya vichwa vya makala. Zamani ilikuwa boksi juu ya makala, sasa imehamia pembeni kushoto na inakufuata ukiskroli. Fungua makala ya Tanzania kwenye Kiingereza, ile ndefu, utaipenda sana, unaruka kutoka historia mpaka uchumi bila kurudi juu, hapo sina neno. Lakini fungua sasa makala ya kawaida ya kata kwenye Kiswahili, zile zinazosema fulani ni kata ya wilaya fulani katika mkoa fulani, yenye postikodi namba kadhaa, sensa ya 2012 ilikuwa na wakazi kadhaa waishio humo, mwisho wanakwambia bado ni mbegu, yani makala fupi inayosubiri mtu wa kuikuza. Aya mbili. Yaliyomo yake yana Marejeo basi, na chini ya hapo ni weupe mpaka mwisho wa skrini. Hii ngozi imeshonwa kwa mwili wa makala ndefu. Makala zetu nyingi bado ni fupi, kwahiyo ule upande wa kushoto ambao zamani ulikuwa na njia za kwenda sehemu zingine sasa umekaa mtupu, na hapo hapo zile njia zimefichwa ndani ya vistari. Kwakweli hapa ndo naposhindwa kuwaelewa, nafasi ipo!

Upana siusemei sana. Maandishi yamebanwa katikati, wanasema mstari mfupi unasomeka vizuri na mi nakubaliana nao kwenye maandishi ya kawaida, ila jedwali pana linabanwa. Kuna kitufe cha kupanua, na baada ya watu kulalamika wakaweka kwamba hata asie na akaunti akichagua upana mara moja inakumbukwa akihamia ukurasa mwingine. Kwahiyo kelele zilisaidia.

Sehemu ya kutafuta ndo bora kuliko zote. Zamani unaandika Iringa inakuletea majina tu unakisia, sasa inakuja na picha na maelezo mafupi, unajua huu ndo mji, ule ndo mkoa, ile ni wilaya, kabla hujabofya. Wikimedia wenyewe, lile shirika linaloiendesha Wikipedia, walisema kwenye majaribio yao watu walitafuta zaidi kwa karibu asilimia 30, na ukiitumia unaona kwanini. Ila watu wangu wa Kiswahili tunayo kazi hapa, yale maelezo mafupi yanatoka Wikidata, ile hazina ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, na kwa Kiswahili vitu vingi havijaandikiwa bado, ndo maana unaona majina mengine yako matupu. Hilo halihusiani na ngozi, ni letu, mtu akiwa na nusu saa anaweza kuandika maelezo ya vitu ishirini.

Ukiwa umeingia kwenye akaunti kuna ule mstari wa juu unaokufuata ukishuka, una kutafuta, historia, majadiliano, hariri. Walisema umepunguza kuskroli kwa asilimia 15. Kwangu mhariri ni msaada mkubwa sana, uko chini kwenye marejeo umeona kosa unabofya palepale.

Halafu 2024 wakaongeza sehemu ya mwonekano, unachagua ukubwa wa herufi, upana, na rangi ya giza. Rangi ya giza ndo iliyonifanya niache kununa kwa kweli, umeme ukikatika usiku nyumba nzima giza unasoma bila kuchomwa macho, na baba yangu mzee anaweka herufi kubwa anasoma mwenyewe habari za vita ya Maji Maji bila kuniita nimsomee. Vigezo vyetu vingine vya zamani, yani yale maboksi na majedwali yaliyotengenezwa tayari yanayowekwa kwenye makala nyingi, viliandikwa na rangi zake kabisa kwahiyo kwenye giza unakuta maandishi hayaonekani vizuri, navyo vinahitaji mtu wa kukaa navyo kimoja kimoja.

Nisisahau, haya karibu yote ni ya kompyuta. Kwenye simu ni ngozi nyingine kabisa, na huko vistari vitatu vilikuwepo siku zote, na wasomaji wetu wengi wako kwenye simu. Kwahiyo ukimuuliza mtu mtaani kuhusu Vector 2022 atakushangaa. Lakini wanaoandika kwa kina wengi wanatumia kompyuta, maana kuandika makala yenye marejeo kumi kwenye simu ni mateso, ndo maana kelele zilitoka kwa wahariri.

Ukiniuliza nyota, kwa msomaji natoa 4 kati ya 5, anasoma vizuri, anatafuta vizuri, macho yanapumzika. Kwa mhariri wa Wikipedia kubwa 4 pia. Kwa Wikipedia ndogo inayotafuta watu natoa 2, na hizo 2 ni za kutafuta na rangi ya giza. Ombi langu kwao ni moja tu, Wikipedia zenye wahariri wachache ziachiwe menyu ikae wazi kushoto kwa kila mtu, hata asie na akaunti, na chini yake majina ya lugha tano sita yaonekane. Mengine yote yabaki kama walivoyafanya, nimeshayazoea na mengine siwezi kuyaacha tena.

Kwa anaetaka kurudi kwenye ile ya 2010, ingia kwenye akaunti, nenda Mapendekezo, sehemu ya mwonekano utakuta ngozi zimeorodheshwa, chagua Vector ya zamani, hifadhi. Monobook ya 2004 nayo bado ipo na kuna wazee wa kazi hawajawahi kuiacha. Kama huna akaunti ongeza ?useskin=vector mwishoni mwa anwani ya ukurasa, utaiona ya zamani kwa ukurasa huo, ukihamia mwingine unaandika tena. Mi mwenyewe nimebaki na mpya ila menyu nimeibandika.

Nimeandika yote haya kwasababu ya dogo mmoja wa jirani, kamaliza fomu foo juzijuzi, alikuja na laptopu ya kaka yake nimsaidie kitu kingine kabisa. Nikamfungulia makala ya kata ya kwao, akaisoma, akakuta jina la kijiji limekosewa herufi. Akaniuliza "anko, hivi haya anaandika nani?" Nikasema angalia hapo kushoto, akaangalia, hapakuwa na kitu. Ikabidi nifungue vile vistari, nikambofyia Mabadiliko ya karibuni, akaona orodha na saa zake, mtu wa mwisho kahariri dakika kumi na moja zilizopita. Akakaa kimya kidogo halafu akasema "kwahiyo yuko hapo saa hizi?" Nikamwambia ndio yuko, na wewe bofya Hariri. Akarekebisha jina la kijiji chao, akahifadhi, akaufungua tena ukurasa mara tatu kuhakikisha limekaa. Tukafungua akaunti palepale, na kabla hajafanya kingine chochote nikamuonesha namna ya kuibandika menyu kushoto.