Tromboni ya mtumba: ipi uichukue, ipi uiache ukutani

Mtu akiniletea tromboni anayotaka kuuza, namwomba kwanza anipe slaidi peke yake, ile mirija inayoteleza. Beli, yaani ule mdomo mpana wa mbele, ibaki kwenye boksi lake. Wauzaji wengine hushangaa, maana wamekesha wakiisugua beli hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini beli iliyobonyea kidogo inapiga vilevile. Slaidi iliyobonyea kidogo inakuchosha mkono mpaka unauchukia muziki wenyewe.

Hili nililijua baada ya kulipa. Tromboni yangu ya pili niliinunua kwa picha tu: picha kumi na mbili, tisa za beli. Ilipofika ilikuwa nzuri kama ilivyoonekana, ila katikati ya mrija mmoja wa nje wa slaidi palikuwa na mbonyeo mdogo kama punje ya dengu. Nikisukuma mbele ilikwaruza hadi karibu na nafasi ya nne kati ya saba za slaidi, halafu ikawa laini. Nikirudi, ikakwama palepale, kisha ikaruka. Fundi aliyeinyoosha alinitoza karibu nusu ya bei niliyonunulia. Muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye sikumuuliza.

Basi tuanze na slaidi, kisha nitakupangia zipi za kutafuta, kuanzia ninayomshauri kila mtu hadi ile ambayo nikimwona nayo rafiki namwonea huruma.

Kipimo cha dakika tano

Slaidi ni mirija minne. Miwili ya ndani imepakwa kromu, na miwili ya nje imeunganishwa chini kama herufi U. Ncha za mirija ya ndani zimenenepa kidogo, na mafundi huziita soksi. Hizo soksi ndizo zinazogusana zaidi na mrija wa nje, kwa hiyo ndizo zinazochakaa mapema. Chomoa slaidi ya nje uziangalie kwenye mwanga. Kromu nzima inang'aa sawasawa. Ukiona baka la kijivu lenye mikwaruzo, au rangi ya njano inachungulia kutoka chini, kromu imeshaondoka, na kuipaka upya ni kazi ya karakana maalumu, si ya fundi wa mtaani.

Beba mafuta ya slaidi na kichupa kidogo cha kunyunyizia maji, maana slaidi kavu inakwama hata ikiwa nzima. Ipake, irudishe, isimamishe wima, fungua kifungo chake, kisha iachie ishuke kwa uzito wake huku mkono wako mwingine ukiisubiri chini. Slaidi nzuri inashuka kama maji. Ikisita mahali, kumbuka mahali hapo.

Ikikwama, usikimbie bado. Ichomoe, kisha uvalishe mrija mmoja tu wa nje kwenye mrija mmoja wa ndani, uupandishe na kuushusha. Fanya hivyo na wa pili. Kama kila mmoja peke yake unateleza lakini ikiwa pamoja inakwama, mirija haiko sambamba tu, na fundi mzuri anaisawazisha bila gharama ya kutisha. Kama mmoja unakwaruza hata ukiwa peke yake, umebonyea au umepinda. Punguza bei au ondoka. Sijaona wauzaji wengi wakikijua kipimo hiki, na ndiyo maana nakipenda.

Mwisho, ziba kwa vidole matundu yote mawili ya juu ya slaidi, ivute nje kidogo, uiachie. Isiyovuja hukataa kuvutwa na hujirudi yenyewe. Ikivuja, angalia kwanza kizibo cha kutolea mate kule chini. Mara nyingi kosa ni kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, kilichochakaa, kitu cha bei ya soda.

Sasa unaweza kuitoa beli. Unachotafuta si mikwaruzo wala vanishi iliyobanduka, bali madoa mekundu kama waridi yenye kitone cheusi katikati. Shaba ya tromboni ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Zinki ikiliwa na unyevu na asidi, kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu, na kuoza huku huanzia ndani. Doa ukiliona nje, ndani kumeshakwisha. Kwenye beli doa moja si msiba. Kwenye slaidi, au kwenye mrija unaotoka kwenye kipulizio, yaani kile kikombe unachowekea midomo, ni tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kama ina vali ya F, ile inayofunguliwa kwa kidole gumba cha kushoto na kuongeza karibu mita moja ya mrija, vuta mrija wake wa kuwekea sauti bila kuibonyeza vali. Ukisikia "po!" kama chupa inayofunguliwa, vali inashika hewa. Ukimya maana yake inavuja.

Ya kwanza: ya mwanafunzi, ya kiwanda kinachojulikana

Ninayomshauri mtu yeyote anayeanza, na wengi wanaorudi baada ya miaka mingi, ni tromboni ya kujifunzia ya Yamaha, hasa YSL-354. Kipenyo cha mrija wake ni milimita 12.7, kwa hiyo haidai pumzi nyingi. Slaidi zake hutoka kiwandani zikiwa sawa na hudumu. Haina sifa ya kusimulia, wala hakuna atakayekuuliza umeipata wapi. Lakini vipuri vipo, kila fundi anaijua, na siku ukichoka nayo inauzika upesi. King 606 na Bach TR300 ziko kwenye kundi hilohilo, ila hizo zipime slaidi kwa ukali zaidi, kwa kuwa nyingi zimepita kwenye mikono ya watoto wa bendi za shule.

Ya pili: King 3B

Hapa naandika kwa mapenzi, usinisadiki moja kwa moja. King 3B ina kipenyo cha milimita 12.9, katikati ya ndogo na kubwa, na kwa mtu wa jazi, dansi au bendi ya mtaani sijui nyingine inayomtosha hivyo kwa maisha yote. Za zamani zilitengenezwa na kampuni ya H. N. White mjini Cleveland, Ohio. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni iliuzwa na kazi ikahamia Eastlake, kitongoji cha jirani. Ndiyo maana ukiona neno "Cleveland" limechongwa kwenye beli, bei inapanda kabla hujafungua mdomo.

Je, ya Cleveland ni bora? Nyingine ndiyo. Nyingine ni za zamani tu. Nimepiga ya Eastlake yenye slaidi safi iliyoiacha mbali ya Cleveland ambayo kromu yake ilikuwa imeisha. Zipo pia zenye beli ya fedha halisi, zinazoitwa Silver Sonic. Ni nzuri, ni nzito kidogo mbele, na wakusanyaji wamezipandisha bei mpaka mpigaji wa kawaida anabaki kuangalia.

Ya tatu: kubwa yenye vali ya F

Ukipiga kwenye okestra, au mwalimu amekwambia umeizidi tromboni ndogo, unaingia kwenye milimita 13.9. Hapa kuna majina mawili ambayo watu hugombania kama timu za mpira: Bach 42B na Conn 88H. Bach ina sauti iliyokaza, inayokwenda moja kwa moja. Conn ni ya joto, inatanda. Chagua kwa sikio lako, si kwa mabishano ya wengine.

Kwa Conn neno la uchawi ni "Elkhart", mji wa Indiana ambako zilitengenezwa kabla ya kazi kuhamishiwa Abilene, Texas. Za Elkhart zinastahili sehemu kubwa ya sifa zao. Ila tahadhari moja: tundu la kuingizia kipulizio kwenye 88H za zamani lina mteremko wake wa pekee, hivyo kipulizio cha kawaida cha shina nene huchezacheza au hakikai vizuri. Mtu anailaumu tromboni kumbe ni kipulizio. Muulize muuzaji kama anakitoa kile cha asili.

Kwa Bach neno la uchawi ni "Mount Vernon", New York, ambako Vincent Bach mwenyewe alikuwa na karakana yake kuanzia mwaka 1953. Aliiuza kampuni kwa Selmer mwaka 1961, na baadaye kazi ikahamia Elkhart. Unaona mchezo huo? Elkhart kwenye Conn inapandisha bei, Elkhart kwenye Bach haipandishi. Anayeuza akikwambia "hii ni ya Elkhart" kwa sauti ya siri, muulize ni Elkhart ya nani.

Kama mwili wako ni mdogo au pumzi haitoshi, Bach 36 ya milimita 13.3 husahaulika sana sokoni, na kwa hiyo huwa nafuu. Ningeianza hiyo kabla ya kujitesa na 42.

Ya nne: Olds Ambassador

Ni kifaru. Kampuni ya F. E. Olds ya California iliitengeneza kwa ajili ya wanafunzi, lakini ilisukwa kama ya watu wazima. Iliyokaa miaka thelathini bila kuguswa, ukiiosha na kuipaka mafuta, inaweza kuamka na kupiga siku hiyohiyo. Naiweka ya nne kwa sababu moja tu: kampuni ilifungwa mwaka 1979, na kipuri cha Olds leo hutoka kwenye Olds nyingine iliyokufa. Ukiipata yenye slaidi nzima, ichukue bila kusubiri.

Ya tano: ya plastiki

pBone na nduguze ni za mtoto, za mvua na za maandamano. Haina uzito wa kilo moja na haiozi. Iliyotumika sinunui, maana hazina umri wa kuzeekea, zina kuchoka tu.

Za kuachwa ukutani

Tromboni za kabla ya miaka ya 1920 hupendeza macho. Nyingine za Marekani zimechongwa herufi HP, maana yake zilitengenezwa kwa sauti ya juu ya zamani, noti ya A ikiwa karibu hezi 457 badala ya 440 ya leo. Utavuta mrija wa kuwekea sauti hadi ukaribie kuanguka na bado utakuwa juu ya wenzako. Zenye LP, yaani sauti ya chini, ziko salama. Zipo pia za Uingereza za besi katika ufunguo wa G, zenye slaidi ndefu mpaka ikawekewa mpini ili mkono ufike. Ni historia nzuri, na kama una ukuta, nunua. Kama una mazoezi Alhamisi, pita.

Na ya mwisho kabisa, chini hata ya hizo: mpya isiyo na jina, inayometa, inayouzwa pamoja na glavu nyeupe. Metali laini, slaidi inayokaza ndani ya mwaka, na mafundi wengi hawataki kuigusa. Hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtumba mzuri wa bei hiyohiyo utaishinda kila siku.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Usiing'arishe. Nasema kwa herufi kubwa moyoni. Kupaka vanishi upya kunaanza na kusugua, kusugua kunaondoa shaba, na michongo ya beli inafifia kama sarafu ya kale. Mnunuzi anayejua huona mara moja na kukata bei. Vanishi ya asili iliyochubuka ina thamani kuliko vanishi mpya inayong'aa. Ioshe tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, si ya moto, kwa kuwa maji ya moto yanabandua vanishi.

Kipulizio kikiwa kimekwama, usikishike kwa koleo. Kuna kifaa cha kukivuta, na fundi hukitumia kwa dakika moja. Koleo litapinda mrija, na utauza tromboni iliyopinda.

Picha piga za slaidi: soksi kwa karibu, mirija ya nje ikiwa imelala dhidi ya mwanga ili mbonyeo uonekane, na namba ya kiwanda. Video fupi ya slaidi ikishuka peke yake inauza kuliko maneno yote. Kasoro iliyopo itaje wewe kwanza, kwa sababu mnunuzi ataiona tu, na ukiwa umeshaisema mnabaki kuongea bei.

Wakati wa kusafirisha, funga slaidi kwa kifungo chake na uifunge tena kwa kamba laini. Jaza nguo kila palipo wazi ndani ya boksi lake, kisha boksi lake liingie ndani ya katoni kubwa zaidi. Kipulizio kitoe, kivalishe soksi mbili nene za miguu, na ukiweke nje ya boksi la tromboni, upande mwingine wa katoni. Kile kidengu kilichokuwa kwenye slaidi yangu, fundi alikipima kwa ukingo wa kipulizio nilicholetewa nacho. Kilitoshea sawasawa.