Manyoya ya Trueflight: inchi 4 au inchi 5?

Kampuni ya Trueflight ya Wisconsin, Marekani, hutengeneza manyoya ya mishale kutokana na mbawa za bata mzinga. Kwa upinde wa jadi, ambao mshale hupita ukigusa kishikio, hakuna mjadala kati ya unyoya halisi na wa plastiki: plastiki ikigonga kishikio huutupa mshale pembeni, ila unyoya hulala, ukapita, ukasimama tena. Kinachowasumbua wanunuzi ni urefu.

Kwa mishale ya mbao yenye vichwa vipana vya kuwindia, chukua manyoya matatu ya inchi 5, yabandikwe kwa kupinda kidogo mithili ya skrubu. Kichwa kipana hukamata upepo huko mbele, kwa hiyo mkia lazima uwe na nguvu ya kukishinda. Kwa shabaha na vichwa vyembamba, inchi 4 zinatosha kabisa; ukipita mita 40, mshale haupotezi kasi nyingi. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, hana haja ya kulipia inchi 5½. Inchi 3 waachie wenye fito (miti ya mishale) nyepesi za kaboni na mkono uliokomaa.

Unyoya mkubwa una hila moja: huficha ufito usiolingana na upinde. Kabla ya kubandika chochote, piga mshale mtupu, yaani usio na manyoya, kutoka mita 10 hadi 15, pamoja na wenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mtupu ukitua kushoto mwa wenye manyoya, ufito ni mgumu mno. Ukitua kulia, ni laini mno. Rekebisha hapo kwanza, hata kwa kubadilisha uzito wa kichwa.

Kuna pia umbo la unyoya: mkato wa ngao unapendeza machoni, lakini unavuma zaidi ukiwa hewani. Mkato wa mviringo ndio wangu.

Soma pakiti vizuri: bawa la kulia au la kushoto. Yote mawili hupiga sawasawa, ila usichanganye kwenye mshale mmoja, na kibano cha kubandikia kilichopinda lazima kiwe cha upande huohuo. Kibano kilichonyooka hupokea yoyote.

Wakati wa kubandika, futa ufito kwa spiriti, kisha paka gundi mstari mwembamba tu kwenye uti wa unyoya. Ikizidi, hububujika na kukigandisha kibano. Mwanya kati ya unyoya na mkato wa kuingizia upote uwe kama inchi moja, vidole visije vikayakanyaga. Gundi ikikauka, weka tone moja kwenye ncha ya mbele na moja nyuma ya kila unyoya. Tone la mbele ndilo wengi huliruka, na ndilo muhimu: uti usiolainishwa kwa msasa na kufunikwa huchana ngozi ya mkono ulioshika upinde kila mshale unapopita.

Mvua ndiyo udhaifu wake halisi. Manyoya yakilowa hulala kabisa. Poda ya kuzuia maji husaidia kwa muda. Yaliyojikunja ndani ya podo yapitishe juu ya mvuke wa birika, yatasimama.

Kwa mishale 12 unahitaji manyoya 36: 24 ya rangi moja na 12 ya rangi nyingine, ile ya kuelekezwa nje ya upinde. Ongeza sita ya akiba, ya bawa lilelile.