Mkoko na mchu
Katika hori ya Tudor, Mombasa, mkoko na mchu, miti miwili ya pwani inayoishi kwenye maji ya bahari, huota kwenye tope lilelile, lakini kila mti una njia yake ya kukabiliana na chumvi. Mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi hiyo mizizini, ilhali mchu huiacha sehemu yake ipande hadi majanini na kuitoa nje, kiasi kwamba anayelamba jani lake huonja ladha ya bahari. Mizizi ya mkoko hushuka kutoka shinani na kujikita topeni. Ya mchu huchomoza wima ili kuvuta hewa. Kwa boriti za nyumba, mkoko ndio bora. Hata hivyo, mahali ambapo jua hukausha tope na chumvi kuzidi, ningechagua kupanda mchu, kwa kuwa ndio unaostahimili zaidi.